Kuku wa Mkwe: Jinsi Nilivyowatafuta Ndugu zake Nekesa

Nimesikia mkisema hapa Matisi kwamba nilienda Malakisi kuoa, nikachinjiwa kuku na kurudi bila mke. Habari ya kuku ni kweli. Hayo mengine nitayaeleza hapa, kwa sababu mkiniuliza pale kwenye banda la baiskeli mimi huinama na kuanza kutafuta spana ambayo haijapotea. Nimeandika kidogo kidogo, jioni baada ya kazi, kwa wiki mbili. Niliishia darasa la nane, kwa hiyo msinicheke mkikuta sentensi imepinda.

Nekesa mnamjua, yule mtoto anayeshinda na mama yangu kwenye kibanda cha sukuma wiki. Wengine mnadhani ni dada yangu wa kuzaliwa. Mama yake aliitwa Metrine, na alikuwa mpangaji wa chumba cha tatu kwenye ploti yetu. Aliugua wiki moja tu akafariki, Nekesa akiwa na miezi minane. Kaka yake Metrine alikuja na gari kuchukua mwili, akaenda kuzika kwao Malakisi, na hakurudi tena. Mwanzoni tulisema watakuja Jumapili kumchukua mtoto. Jumapili zikawa nyingi. Sasa Nekesa anakaribia miaka mitatu, na mtu anayemwita Mama ni mama yangu.

Lakini kumlea mtoto si sawa na kuwa naye kisheria. Mama alipotaka kumtafutia cheti cha kuzaliwa alitumwa kwa afisa wa watoto, na afisa akamwelekeza kwa shirika moja la hapa Kitale linaloshughulikia watoto wa kuasiliwa. Ukimwasili mtoto, mahakama inamfanya awe wako kabisa, kama uliyemzaa. Mama alisema hilo ndilo analotaka. Watu wa shirika walikuja kwetu mara tatu, wakatazama mpaka mahali tunapolala. Wakaridhika naye. Kukabaki jambo moja. Ndugu za Metrine hawakuwa wameulizwa. Barua mbili zilipelekwa kwao kupitia kwa chifu wao na hazikujibiwa, na namba ya simu ya yule kaka ilikuwa haiingii. Bila wao kuulizwa, faili haisongi.

Ikabidi mtu aende, na mtu huyo alikuwa mimi, kwa sababu Metrine aliwahi kunieleza njia ya kwao siku moja akinisubiri nizibe pancha ya baiskeli yake. Sitawaficha. Nilienda nikiomba moyoni tusiwapate. Maana sheria inasema ndugu wakimtaka mtoto, wao ndio wa kwanza.

Matisi hadi Kamukuywa

Tuliondoka Jumanne asubuhi kwa gari la shirika, pikapu nyeupe ambayo mlango wake mmoja hufungwa kwa kamba. Dereva alikuwa Madam Jerotich, afisa wa shirika anayeshika faili ya Nekesa. Ni mama wa makamo, mpole, lakini akiuliza swali hukutazama mpaka ujibu.

Mama yangu alinipa mfuko wenye sukari, majani ya chai, mkate, na blanketi jipya la nyanya yake Nekesa. "Usiingie kwa watu waliofiwa mikono mitupu," aliniambia. Mfuko huo niliupakata njia yote.

Kufika Kamukuywa gari likachemka. Mvuke ulitoka mbele kama chungu cha githeri. Madam alisimamisha kando ya kibanda cha chai na kusema tusubiri lipoe. Mama mwenye kibanda alituletea chai na mandazi, akanitazama nilivyokaa.

"Wewe kijana, mama yako anahangaika na gari na wewe unakunywa chai?"

Nilisimama haraka mpaka chai ikanimwagikia. Madam akacheka. "Si wangu huyu. Wangu wangekuwa washaomba andazi la tatu."

Tulikaa pale kama saa mbili. Mimi si mtu wa kuanzisha mazungumzo, lakini kulikuwa na swali lililonikaa kooni tangu mwaka jana, na chai ilipoisha nikalitoa.

"Madam, si nyinyi ndio mnatoa watoto? Kwa nini msitupe tu?"

Hakukasirika. "Sisi hatutoi mtoto, Kariuki. Hata kufungua ofisi hatufungui kwa kupenda kwetu. Tumesajiliwa, tunakaguliwa, na cheti chetu kikiisha muda tunaomba upya. Kuna kamati inasoma faili zetu. Anayetoa mtoto ni jaji. Sisi ni watu wa kupanga mawe mtoni ili jaji avuke bila kulowa. Jiwe moja likikosekana, simpeleki."

Kisha akaniambia kisa. Alipokuwa bado mwanafunzi wa kazi hiyo, kulikuwa na nyumba moja ya watoto, hakunitajia mahali, iliyokuwa ikiandika maneno mawili kwenye kila faili: *Jamaa hawakupatikana*. Hakuna aliyekuwa amewatafuta. Siku moja akaja bibi mmoja kutoka kijijini, amebeba kuku, akasema ni zawadi ya mjukuu wake, amekuja kumchukua. Mjukuu alikuwa ameshapewa watu wengine na hakuna aliyejua wanaishi wapi. Nyumba ile ilifungwa baadaye.

"Na yule bibi?" niliuliza.

"Alirudi kwake. Kuku alimwacha pale getini. Mimi ndiye niliyemfungua kamba." Akaenda kuangalia maji ya gari.

Bungoma

Tuliingia Bungoma saa saba. Mpango ulikuwa Madam asaini kitabu katika ofisi ya watoto, kisha twende Malakisi pamoja. Lakini asubuhi hiyo kulikuwa kumeokotwa mtoto mchanga karibu na soko, na ofisi ikamwomba abaki kusaidia mpaka kesho. Akaniita kando.

"Tangulia, uwaone, wajue tunakuja. Lakini nisikilize. Usiwaombe sahihi. Usiwaombe mtoto. Usiwaambie Mama yako anataka nini. Hayo nitayasema mimi mbele yao wote, mtu asije akasema alisukumwa."

"Sasa niseme nini?"

Alifikiri kidogo. "Sema umekuja kwa habari ya Nekesa na mama yake. Wakubwa watakuja kesho."

Maneno hayo niliyarudia moyoni kama shairi la shule. Mtayakumbuka, kwa sababu ndiyo yaliyoniletea yule kuku.

Nilikaa kwenye benchi nje nikingoja mvua ipungue. Mtu mmoja mwenye koti na bahasha kubwa ya kaki akaja kukaa karibu nami. Hakuwa wa ofisi ile, ingawa alikuwa akisalimia kila aliyepita kama mwenye nyumba.

"Niaje kijana. Faili gani?"

Niliangalia mvua. Akaendelea tu.

"Ya mtoto, naona. Jamaa wamepotea, ama? Usihangaike kwenda huko ndani, bana. Mimi nakuandikia barua, jamaa hawakupatikana. Maneno mawili tu. Muhuri najua pa kuupata. Wewe unarudi nyumbani na mtoto anabaki wenu."

Jamaa hawakupatikana. Hilo ndilo nililokuwa nikiliomba tangu Matisi, na sasa lilikuwa limekaa karibu nami likinuka sigara. Sikusema ndiyo wala hapana. Aliushika mkono wangu akaniandikia namba yake ya simu kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, polepole, kama mtu anayemwandikia mtoto dawa. Mimi nilimwachia mkono aandike. Hilo ni la kweli na naliandika.

Bungoma hadi Malakisi

Nilipanda bodaboda, pikipiki nyekundu ya kijana aliyekuwa akiongea bila kupumzika. Tulifuata barabara ya Malaba kisha tukakata kulia. Mvua ilikuwa imefanya njia iteleze, na mbele kidogo mnyororo ukakatika. Yule kijana alianza kupiga simu kutafuta fundi. Nilishuka, nikaweka mfuko juu ya jiwe, nikauunga mnyororo kwa waya wa ua mpaka tufike kwenye duka la vipuri.

Aliniangalia nikifuta mikono. "Kumbe wewe fundi. Na hiyo sukari na blanketi? Unaenda kwa wakwe?"

Nikacheka tu.

"Ukinyamaza hivyo watakuongezea ng'ombe, bana. Kwa wakwe lazima uongee."

Hata hapo sikushtuka. Nilidhani ni mzaha wa barabarani. Sisi watu wetu walitoka mkoa wa kati wakahamia Trans-Nzoia zamani, na mambo ya wakwe wa Wabukusu nilikuwa nikiyasikia kwa mbali tu, kama redio ya jirani.

Malakisi, siku ya kwanza

Metrine alikuwa amenieleza vizuri. Upite soko, uone vibanda vya kukaushia tumbaku, kisha kanisa lenye mlango wa buluu, halafu migomba. Nilimkuta mwanamume ameketi chini ya paa, anashona majani ya tumbaku kwenye fito. Nilimtambua kabla hajainua kichwa. Ni Simiyu, kaka yake Metrine, aliyekuja kuchukua mwili. Na yeye akanitambua.

"Ni wewe," alisema. Kisha akaita kwa Kibukusu kuelekea jikoni, na nikasikia sufuria ikianguka.

Nilimpa mfuko. Nikasema maneno yangu. "Nimekuja kwa habari ya Nekesa na mama yake. Wakubwa watakuja kesho."

Simiyu alifumba macho kama mtu aliyemaliza kuomba. "Umekawia, kijana. Miaka miwili. Lakini umekuja."

"Ndiyo."

"Hao wakubwa wangapi?"

"Mmoja. Labda apitie kwa chifu kwanza."

"Kwa chifu?" Akatikisa kichwa. "Nyinyi watu wa Kitale kila kitu ni serikali."

Alimtuma mkewe amkamate kuku. Nilisema sina njaa, akasema si mambo ya njaa. Watu wawili wazima walipita, wakaniangalia, wakaambiwa kitu kwa Kibukusu, wakaniangalia tena kwa heshima zaidi. Chakula kilipokuwa tayari mke wa Simiyu alinimiminia maji ya uvuguvugu mikononi. Namba ya yule mtu wa bahasha ikayeyuka ikaingia kwenye beseni. Niliitazama ikienda. Sikusugua, lakini pia sikufunga kiganja.

Firigisi ikawekwa upande wangu. "Leo ni yako," Simiyu alisema.

Kuku alikuwa mtamu, wa kuchemshwa kwa moto wa kuni, na ugali wa wimbi. Lakini nyanya yake Nekesa hakutokea. Nilisikia akikohoa jikoni. Niliona kivuli chake kikipita nyuma ya ukuta. Hakuja kula, hakuja kunisalimia.

"Naomba nimsalimie nyanya," nilimwambia Simiyu. Mjue ilinigharimu sana kulisema.

Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Pole pole, kijana. Hata haya huna?"

Tangu nizaliwe nimeambiwa nina haya kupita kiasi. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa sina.

Asubuhi na mapema nilitoka kunawa, na pale kwenye njia ya kisima nikakutana naye uso kwa uso. Mwanamke mfupi, mwenye ndoo kichwani. Tulisimama. Kisha akavuta leso akafunika uso, akageuka akaingia katikati ya migomba na ndoo yake, maji yakimwagika.

Nilibaki pale na mswaki mdomoni. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: huyu mama ananichukia hata hawezi kuniona. Hatatia sahihi kamwe. Na jambo baya zaidi ni hili, kuna sehemu ya moyo wangu iliyofikiri, basi hawamtaki mtoto, tutabaki naye. Nikaona aibu.

Malakisi, siku ya pili

Madam Jerotich alifika saa nne akiwa na faili yake. Simiyu alikuwa amepanga viti sita. Wale watu wazima wawili walikuwa wameshakaa, wamevaa makoti ya kanisani.

Mmoja alimtazama Madam, akatazama nyuma yake barabarani. "Wengine wako wapi?"

"Niko peke yangu," Madam alisema.

"Wamemtuma shangazi peke yake," yule mzee akamnong'oneza mwenzake, na sote tulisikia.

Madam alikaa, akafungua faili, akauliza kwa heshima kama anaweza kumwona mama mzazi wa marehemu Metrine. Simiyu akakohoa.

"Yuko jikoni, anasikia. Hawezi kutoka, Madam. Si mkwe yuko hapa?"

"Mkwe gani?"

Wote wakanigeukia. Na Madam akanigeukia, macho yake yakishuka kwenye blanketi lililokunjwa juu ya meza, na pakiti za sukari kando yake, kisha yakarudi kwangu. Niliona uso wake ukibadilika alipoyakumbuka maneno aliyonipa Bungoma.

Kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwe hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Yule mama hakuwa akinichukia. Alikuwa akiniheshimu tangu nilipoingia.

Hapo hakukuwa na spana ya kutafuta. Nilisimama, nikasema nikiangalia ukuta wa jikoni.

"Mimi si mkwe. Sikuzaa na Metrine. Alikuwa jirani yetu. Mama yangu ndiye anamlea Nekesa, na mimi namwita dada."

"Rudia," sauti ilisema kutoka nyuma ya ukuta.

Nikarudia.

"Na baba yake ni nani?"

"Hatumjui. Metrine hakumtaja, na hakuna aliyewahi kuja."

Nilisikia mlango wa mabati. Yule mama akatoka, leso mabegani, uso wazi. Aliwapita wazee, akampita Madam, akaja mpaka niliposimama, akaninyooshea mkono.

"Basi nikusalimie, mwanangu," alisema. "Ulilala kwangu kama mwizi, hukusalimiwa na mtu."

Aliushika mkono wangu kwa mikono yote miwili na hakuuacha kwa muda. Mzee mmoja akasema, "Na kuku je?" na mwenzake akamkanyaga mguu.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipofunguka. Siku ile ya kuchukua mwili, wanawake wote wa ploti walikuwa wakishughulika na msiba, na mimi ndiye niliyekuwa nimemfunga Nekesa mgongoni kwa leso ya mama yake. Simiyu aliniuliza kama mtoto atabaki kwetu. Nilikuwa nikilia, nikaitikia kwa kichwa. Akarudi Malakisi akasema mtoto yuko salama kwa baba yake.

"Kwetu kijana habebi mtoto mgongoni kama si wake," alisema. "Tukasema tungoje, wataleta wazee wao. Mtu haendi kunyakua mtoto kwa baba yake."

Kwa hiyo miaka miwili sisi tulikuwa tukiwangoja waje kumchukua, na wao walikuwa wakitungoja twende kulipa mahari. Na barua? Nyanya alizitoa ndani ya Biblia yake, zote mbili. Simiyu aliwahi kuzisoma, akaona neno shirika na neno kuasili, wakaogopa. Walikuwa wamesikia kwamba mashirika huchukua watoto yakawapeleka ng'ambo wasirudi. Wakaona dawa ni kunyamaza.

Madam hakuwabishia. Aliwaeleza polepole kama alivyonieleza mimi Kamukuywa, kuhusu cheti, kamati na jaji. Akasema mtoto huyu hapelekwi popote bila wao kujua, na kwamba kuna wengine waliofanya vibaya kweli na ndiyo maana siku hizi kazi yao inakaguliwa.

Simiyu alisimama. "Basi kama hana baba, ni damu yetu. Nenda ukamlete."

Nilimtazama Madam amkatalie.

"Ni haki yenu," alisema. "Nyinyi ndio wa kwanza kuulizwa. Nikiondoka hapa bila kuwaambia hivyo, mimi ndiye mwenye makosa."

Siku hiyo nilimkasirikia kuliko mtu yeyote. Aliomba kuzungumza na nyanya peke yao jikoni, bila Simiyu, bila wazee, bila mimi. Walikaa huko muda mrefu. Simiyu alirudi kwenye tumbaku yake, na kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu, nikakaa nikamsaidia kushona majani. Gundi ya majani hayo ilishika vidole vyangu vikawa vyeusi. Baada ya ufito wa tatu akaniuliza bila kuinua macho.

"Akiumwa, nani anaamka?"

"Mama. Akichoka, mimi."

Akashona majani mengine. "Mimi nina wangu sita," alisema.

Nyanya alipotoka alisema neno moja tu. "Nataka kumwona kwanza."

Kurudi Kitale

Tuliondoka Alhamisi. Nyanya alikaa katikati ya kiti cha mbele, amevaa viatu vya kanisani. Alipokuwa anapanda nilimpokea mzigo wake, nikakuta unachezacheza. Alikuwa kuku jike mweusi, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba.

"Ni wa mjukuu," alisema.

Madam alikuwa ameshika ufunguo tayari. Aliutazama huo mzigo miguuni pangu. Hakuwasha gari kwa muda, na mimi sikumwangalia usoni. Kisha akawasha. Siku hiyo gari halikuchemka hata kidogo. Pale Kamukuywa mama wa chai alituona akasema kwa sauti, "Sasa leo ameleta na nyanya," na tukanywa chai.

Nekesa alikuwa kibandani alipotuona. Alinikimbilia, akaona mgeni, akarudi mbio akajificha kwenye sketi ya Mama. Nyanya hakumwita. Hakumvuta mkono kama wageni wanavyofanya. Alimweka kuku chini, akakaa kwenye gunia, akavuta rundo la sukuma wiki akaanza kulifunga mafungu kama mtu aliyeajiriwa asubuhi. Mama yangu alimtazama, akahama kidogo kumpisha nafasi. Walifanya kazi hivyo bila kuongea mpaka fungu la kumi. Nekesa alitoka kidogo kidogo, hadi akaweza kumgusa kuku mgongoni. Kuku akapiga mabawa, naye akaangukia magotini pa nyanya yake. Akamwangalia usoni.

"Ana macho ya Metrine," nyanya alisema. Hapo ndipo alipolia, na Mama akalia naye.

Alikaa kwetu siku tano. Aliangalia kila kitu: nani anampikia uji, anaoga kwa maji gani, analala upande gani. Siku ya pili Nekesa alikohoa alfajiri, na nilisikia watu wawili wakiamka kwa pamoja na kugongana mlangoni.

Jumatatu Madam alimpeleka nyanya mbele ya hakimu, maana idhini ya namna hiyo haitolewi jikoni. Madam alimuuliza tena nyanya akiwa peke yake kama kuna aliyemwahidi kitu au kumtisha. Alimwambia anaweza kubadili nia kabla jaji hajaamua. Mimi na Mama tulingoja nje. Walipotoka, kidole gumba cha nyanya kilikuwa na wino.

"Nimekubali," alimwambia Mama. "Nyumbani kwangu angekuwa wa saba. Kwako ni yeye peke yake." Kisha akamgeukia Madam. "Lakini andika jina Nekesa lisitolewe, na kila Desemba aje aone kaburi la mama yake."

Madam alishika kalamu akasita. "Jina, Mama amesema litabaki. Hiyo ya Desemba siwezi kuiandika iwe sharti, nyanya. Jaji akishaamua, ni neno kati yenu nyinyi wenyewe."

Watu walikuwa wakipita pale kwenye korido na faili zao. Mama alikuwa amefungua mdomo kujibu, lakini sauti iliyotoka ilikuwa yangu.

"Nitamleta mimi," nilisema. "Najua njia."

Faili sasa iko kwa kamati, na baada yao ni jaji. Madam anasema bado kuna miezi mbele, na bado kuna mtu atakayetumwa na mahakama kuja kututazama tena, hata tunapolala. Waje tu. Yule kuku ameanza kutaga chini ya kitanda cha Mama, na Nekesa haruhusu mtu mwingine kuokota mayai.

Siku nyanya alipoondoka nilimsindikiza hadi stendi. Nilikuwa nimemnunulia sukari ya kupeleka nyumbani. Aliipokea, akanipa mkono mbele ya makondakta wote, mkono wenye kidole ambacho bado kilikuwa na alama ya wino.

"Desemba usije na sukari," alisema. "Njoo umembeba mgongoni, Simiyu aone."